Intaneti Haina Mwenyewe, Ila Ina Wasimamizi

Wateja ninaowafungia mitandao hapa Dar es Salaam huniuliza sana: hivi intaneti ni ya nani? Wengi hudhani ni ya Marekani. Ni kweli ilianzia huko, kwa fedha za wizara ya ulinzi. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA ilijaribu kutuma neno "login" kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Zikafika herufi mbili tu, L na O, mfumo ukazima.

Lakini tarehe iliyoleta intaneti tunayoijua ni 1 Januari 1983, mtandao ule ulioziunganisha kompyuta hizo ulipohamia TCP/IP, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano ya kompyuta) ya wahandisi Vint Cerf na Bob Kahn. Kuanzia hapo mtandao wowote uliweza kujiunga na mingine huku ukibaki mali ya mwenyewe, mradi ufuate itifaki hiyo. Ndiyo maana hakuna wa kuuziwa intaneti nzima.

Kinachohitaji msimamizi ni majina ya tovuti na namba za anwani za kompyuta, maana viwili vikifanana data inapotea njia. Kwa miaka mingi daftari la majina na namba hizo lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, mwanasayansi wa kompyuta Jon Postel. Mwaka 1998 ikaundwa ICANN, shirika la kusimamia kazi hiyo, na serikali ya Marekani ikaachia usimamizi wake rasmi tarehe 1 Oktoba 2016.

Ukiandika anwani inayoishia na .tz, mfumo wa majina huanza kwa kuuliza seva za mizizi, yaani kompyuta zilizo juu kabisa ya mfumo huo. Zenyewe hazijui tovuti unayoitaka iko wapi. Zinajibu tu kwamba mambo ya .tz kaulize seva zinazosimamia .tz. Hizo nazo zinaelekeza kwa seva za mwenye jina, ndipo namba inapatikana. Yote haya kufumba na kufumbua.

Namba zetu Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Kesi zimeiyumbisha hadi mwaka 2023 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi iliyemteua. Inaniuma kuona Watanzania wachache mno wanaifuatilia, wakati watoa huduma wetu ndio wanachama wenye kura.

Tulichojijengea wenyewe ni TIX, kituo ambapo watoa huduma wa nchini hubadilishana data. Bila kituo cha namna hiyo, baruapepe ya kutoka Posta kwenda Mikocheni, hapa hapa Dar, inaweza kuzungukia Ulaya. Enzi za setilaiti safari hiyo ilikuwa ya kupanda kilomita 36,000 na kushuka, kwenda na kurudi, kwa malipo ya dola.

Mei 2024 kebo za intaneti za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima, lakini data inayopita TIX haikuzihitaji. Kwa hiyo kama tovuti yako inahudumia watu wa Temeke na Ilala, muulize anayekuhifadhia tovuti hiyo: seva iko wapi, na mtandao wake umeunganishwa TIX?