Inchaji wa dharura na watu wa zamu yake

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua idara yake ya dharura mwaka 2010, huduma hiyo imesambaa hadi hospitali nyingi za mikoa na wilaya Tanzania. Majengo na mitambo husifiwa sana. Muuguzi anayeongoza idara, yule wanayemwita inchaji, hutajwa kwa nadra, ingawa ndiye anayepanga zamu, anayejua nani amekesha, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba dawa imepewa mgonjwa asiye wake. Au haambiwi.

Vitabu vya uongozi hutofautisha kiongozi wa amri, mshirikishaji, na anayeacha mambo yajiendee. Katika dharura mtu mmoja hulazimika kubadilika ndani ya saa moja. Moyo wa mgonjwa ukisimama hakuna anayehitaji kikao. Anahitajika wa kutoa maagizo kwa sauti, na wenzake wayarudie kuonyesha wamesikia. Ubaya huanza inchaji anapobaki na sauti ileile mgonjwa akishatulia, akimkaripia muuguzi mbele ya wanafunzi.

Anayekaripiwa hivyo hujifunza kunyamaza. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wodini akitarajia kwamba zinazofanya kazi vizuri pamoja zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume. Alipochimba zaidi, akaona tofauti kubwa ilikuwa kwenye kusema: palipo na kiongozi asiyetisha, kosa lilitajwa na kujadiliwa. Ndiyo maana daftari la matukio likikaa tupu mwezi mzima katika idara iliyojaa wagonjwa, mimi huingiwa na wasiwasi.

Kwa maoni yangu, lakini, anayeacha mambo yajiendee huwaumiza watu kuliko mkali. Zamu za usiku huwaangukia wale wale wageni wa kazi, likizo hupata wenye kujuana. Ndugu wa mheshimiwa wakitaka mgonjwa wao wa kijani, yaani anayeweza kusubiri, aingie kabla ya wa nyekundu, aliye hatarini, muuguzi wa mapokezi hubishana nao peke yake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo, na kuona ufanisi umeshuka. Ile ya pili ndiyo wananchi wakati mwingine huiona dirishani na kusema, "Huyu nesi hana utu."

Kifo kigumu kikitokea, hasa cha mtoto, inchaji anaweza kuwakusanya waliokuwepo kwa dakika chache: nini kilikwenda sawa, nini kilikwama, nani apumzike kwanza. Hilo halina gharama ya vifaa, ila lina mbinu zake, nazo hufundishwa. Muuguzi aliyepandishwa cheo kwa miaka ya utumishi au wepesi wa kupata mshipa asikabidhiwe funguo za stoo na ratiba ya zamu kabla ya kupitia mafunzo hayo.