Sarafu ya Chigurh si maadili yake

Siku hizi kila mswada wa hadithi ya uhalifu wenye muuaji "mwenye kanuni zake" unakuja na kitu cha kurushwa: sarafu, kete, karata. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa, "Si kama Chigurh?" Haya, tumrudie Anton Chigurh mwenyewe, muuaji wa kukodiwa wa riwaya ya Cormac McCarthy, No Country for Old Men (2005), na filamu ya ndugu Coen ya 2007. Wengi wanamkumbuka vibaya.

Dhana: Humrushia sarafu kila anayetaka kumuua, bahati ndiyo sheria yake.

Hesabu basi. Sarafu inatoka mara mbili tu: kwa mzee wa kituo cha mafuta na kwa Carla Jean, mke wa Llewelyn Moss, yule aliyekimbia na fedha za walanguzi wa dawa za kulevya. Askari anayenyongwa kwa pingu mwanzoni haoni sarafu. Dereva anayesimamishwa barabarani, vilevile. Carson Wells, aliyekodiwa kumsaka Chigurh, anazungumza naye kirefu chumbani hotelini, kisha anapigwa risasi akiwa kitini.

Sheria yake ni nyingine: neno lake likishatoka halirudi. Anamwambia Moss kwenye simu: lete fedha, mkeo atapona, usipoleta, naye atawajibika. Moss haleti, na wanaomuua ni Wamexico wanaozifuata fedha hizohizo, si Chigurh. Hakuna tena faida ya kumgusa mjane. Chigurh anamfuata hata hivyo, siku mjane huyo ametoka kumzika mama yake. Sarafu hapo ni upenyo mdogo anaouacha kwenye sheria, na ndio wema wote alio nao. Kwenye riwaya mwanamke anachagua kichwa, unatoka upande wa pili, anauawa. Kwenye filamu anakataa kuchagua na kumtupia mzigo wake: sarafu haiamui, unaamua wewe. Pale maadili yake yote yanapata ufa, na ndipo waigaji wanapopita bila hata kugeuza shingo.

Mzee wa kituo hajaahidiwa kifo. Kosa lake ni kuropoka kuhusu Dallas baada ya kuona namba za gari, na gari lenyewe ni la mtu aliyeuawa. Hukumu yake bado haijatolewa, kwa hiyo sarafu ina nafasi. Ni ya 1958, na hadithi iko 1980. Karatasi ya korosho iliyofinyangwa inajikunjua taratibu juu ya kaunta. Mzee anachagua kichwa, anapona, wala hajui alikuwa akicheza kamari ya nini.

Ukimpa muuaji wako sarafu kila mlango anaobisha, msomaji anapiga hesabu ya nusu kwa nusu na hofu inakwisha. Andika kanuni yake kwanza, sentensi moja, maneno yasiyozidi 12. Kisha tafuta matukio 3: kanuni inaua, kanuni inaokoa, kanuni inamgharimu muuaji mwenyewe. Likikosekana la tatu, huna maadili hapo, una mbwembwe. Halafu ifute sarafu kwenye rasimu. Kama muuaji hajui tena la kufanya, anza upya.

Dhana: Huua kila anayemwona. Mwanamke msimamizi wa makazi ya trela anamnyima habari za Moss, mara ndani kunasikika maji ya choo yakivutwa. Chigurh anaondoka. Msiite huruma, ni hesabu ya mashahidi.

Dhana: Anatafuta fedha. Kwenye riwaya anazirudisha kwa mwenye nazo, ili wafanye kazi pamoja baadaye.

Dhana: Silaha yake ni ule mtambo wa hewa wa machinjioni, unaosukuma chuma kichwani mwa ng'ombe. Kwenye filamu unaua mtu mmoja. Kazi yake kubwa ni kung'oa vitasa. Mauaji mengi ni ya bunduki ya marisau yenye sailensa, lakini nani anaikumbuka?

Dhana: Ajali ya gari inayompata mwishoni ni adhabu. Kwenye filamu taa ilikuwa ya kijani kwake; aliyevunja sheria ya barabara ni yule mwingine. Chigurh anatoka garini mfupa wa mkono ukiwa nje na kumwomba mvulana shati la kufungia mkono. Mvulana anampa bure. Yeye anamshikiza noti ya dola 100, na hakubali akataliwe.