Usiruke sehemu ya juu ya ripoti yako ya kredi

Kazi yangu hapa Lexington, Kentucky, ni kukaa na familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa za Wakongomani waliopitia kambi za Tanzania, Kenya na Uganda, tukisoma ripoti zao za kredi, yaani kumbukumbu za madeni yao na jinsi wanavyoyalipa, mstari kwa mstari. Mtu akishaishika ripoti, macho hukimbilia madeni. Ile sehemu ya juu yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya soshali (Social Security), anwani na mwajiri anaipita tu. Mimi humrudisha hapo kwanza.

Ni kweli kwamba taarifa hizo hazihesabiwi kwenye alama ya kredi, ile namba ambayo wakopeshaji huitazama kukupima. Jina likikosewa herufi, alama haishuki hata pointi moja, na ndiyo maana washauri wengi wa mitandaoni husema usijisumbue nazo. Sikubaliani nao hata kidogo. Equifax, Experian na TransUnion, ofisi tatu za kredi zinazotunza ripoti hizi, hawakujui kwa sura. Benki, kampuni ya mkopo wa gari au wakusanya madeni wanapeleka taarifa, kisha kompyuta inaamua deni liingie faili la nani kwa kulinganisha jina, soshali, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Haisubiri vyote vilingane herufi kwa herufi. Vikikaribiana vya kutosha, deni linaingia. Kwa hiyo anwani usiyoijua kwenye faili lako ni mlango ulioachwa wazi, na deni la mtu mwingine huingilia hapo hapo.

Sisi tuko hatarini zaidi, na sababu zinaeleweka. Wengi waliandikishwa kambini bila cheti cha kuzaliwa wakawekewa tarehe 1 Januari, mume, mke na jirani yao sawia. Karani aliyezoea Kifaransa aliandika Rachidi, wa Marekani akaandika Rashidi. Anayeitwa Bahati Amisi Saidi anakuwa Bahati Saidi benki na Bahati Amisi kwenye kampuni ya simu, kwa sababu kila fomu ilimbana kivyake. Aliyekuja na jina moja tu kwenye pasi aliandikiwa FNU, maana yake jina la kwanza halijulikani, na wapo ambao FNU hiyo imehamia mpaka kwenye leseni ya udereva na kadi ya benki kana kwamba wazazi ndio waliowaita hivyo. Mjukuu ana jina la babu yake na wanaishi nyumba moja. Halafu namba za soshali: zilizotolewa kabla ya Juni 2011 zilifuata eneo na mfululizo, hivyo ndugu walioomba siku moja waliweza kupata namba zinazotofautiana tarakimu moja tu mwishoni.

Mama mmoja niliyekaa naye alikuwa na majina matatu kwenye ripoti, yote yakifanana na lake. Tarehe ilikuwa sahihi. Chini yake zilipangwa anwani nne: tatu za hapa Lexington, na moja ya Houston. Nikamuuliza, "Mama, umewahi kukaa Texas?" Hajawahi hata kupita. Tulipofungua kurasa za madeni tukakuta mkopo wa gari usio wake, umechelewa kulipwa, umefunguliwa wakati ule ule anwani ya Houston ilipoingia. Hakuna aliyemwibia. Mtu mwingine mwenye jina karibu na lake alikopa kihalali, na mafaili yakachanganyika. Kama angelalamikia mkopo peke yake, ile anwani ingebaki pale ikisubiri deni lijalo.

Mahakama nazo zimeyaona haya. Mwaka 2011 mwanamume mmoja wa California alikwenda kununua gari, akakataliwa kwa sababu ripoti ya TransUnion ilionyesha jina lake linaweza kuwa kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Walikuwa wamelinganisha jina la kwanza na la ukoo tu, bila tarehe ya kuzaliwa. Kesi ilihusisha watu 8,185 na ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2021 iliamua kuwa 1,853 kati yao, wale ambao ripoti zao zilifika kwa wafanyabiashara, ndio wenye haki ya kudai fidia kwa kosa hilo.

Ripoti zote tatu zinapatikana bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com; pia unaweza kuziomba kwa simu 1-877-322-8228. Tovuti ikikukatalia kwa sababu majibu yako hayalingani na walichonacho, usikate tamaa. Hiyo yenyewe ni dalili kwamba kuna kitu kimekosewa. Omba kwa posta, ukiambatisha nakala za kitambulisho na za uthibitisho wa anwani.

Kabla ya kulalamika, tenganisha makosa na historia. Anwani ya zamani uliyoishi kweli si kosa, iache, hutumika kukutambua. Mwajiri wa zamani hana madhara. Na kama 1 Januari ndiyo tarehe iliyo kwenye hati zako zote za Marekani, ofisi ya kredi haiwezi kukuwekea siku mama alipokuzaa. Ibaki ilivyo hadi hati zenyewe zirekebishwe. Kinachotakiwa kuondoka ni jina lisilo lako, tarehe isiyolingana na hati zako, soshali isiyo yako na mahali ambapo hujawahi kuishi.

Barua iwe fupi na itaje kitu kimoja kimoja: "Ondoeni anwani ya Houston, Texas, sijawahi kuishi huko. Ondoeni mkopo huu wa gari, si wangu. Nimeambatisha nakala ya leseni, kadi ya soshali na bili ya umeme." Ukiandika kwa jumla kwamba taarifa zako zina makosa, wanaweza kulitupa lalamiko kwa kusema halina maelezo ya kutosha. Peleka nakala, kamwe usipeleke hati halisi. Mimi napendelea posta yenye risiti ya kupokelewa kuliko tovuti, kwa sababu karatasi inabaki mkononi mwako. Andikia kila ofisi yenye kosa hilo kwenye ripoti yake.

Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti hizi inawapa siku 30 kuchunguza, au 45 ukilalamika baada ya kupata ripoti ya bure ya mwaka au ukiongeza hati katikati ya uchunguzi. Matokeo lazima wakuletee kwa maandishi, na kitu kikibadilika wakupe ripoti mpya bila malipo. Ukiomba, wapeleke taarifa ya marekebisho kwa waliopokea ripoti yako ndani ya miezi sita iliyopita, au miaka miwili kama ilikuwa kwa ajili ya kazi.

Sehemu inayosahaulika ni chanzo. Kama benki yako ndiyo inayopeleka Rachidi kila mwezi, ofisi ya kredi itafuta leo na mwezi ujao jina litarudi. Nenda benki, kampuni ya simu, mwenye mkopo wa gari, kote wakuandike kama ulivyo kwenye kadi ya soshali. Kadi yenyewe ikiwa na kosa, anza huko, kuirekebisha hakulipiwi.

Usimlipe mtu anayeahidi kusafisha kredi kabla hajafanya kazi. Sheria inamkataza kupokea malipo ya mbele. Anayekuuzia namba ya CPN uitumie badala ya soshali anakuingiza kwenye jinai, hata akiwa wa kwenu na mnasali pamoja.

Ofisi ya kredi ikikujibu kwamba imethibitisha taarifa ni sahihi na wewe una hati mkononi, lalamika CFPB, ofisi ya serikali ya kulinda wateja katika mambo ya fedha, kwenye tovuti yao, kisha tafuta wakili wa kesi za wateja. Ukishinda, mshtakiwa ndiye hubeba gharama za wakili, na kwa sababu hiyo wengi wao hawadai pesa ya kuanzia.