Kikapu kisichotosha: kumwandaa mwalimu wa Kusini kufundisha kuhusu Waarabu na Uislamu

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, shule moja ya Mtwara vijijini, nikitazama kipindi cha historia. Mwalimu, kijana mpole, aligeukia ubao akaandika kwa herufi kubwa: DINI YA WAARABU. Chini yake akapanga: kanzu, tende, pilau, utumwa. Wanafunzi wakanakili. Wengi wao wangekwenda madrasa jioni ile ile. Hakuna aliyenyoosha mkono. Watoto wa Kimakonde, wa Kiyao na wa Kimakua wakaandika kwenye madaftari yao kwamba dini ya bibi zao ni mali ya watu wengine.

Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Alitoka Njombe, akapangiwa kituo cha kazi Mtwara, akakabidhiwa kipindi. Baada ya darasa tulisalimiana, nikamsifu kwa chati yake nzuri ya ukutani, kuhusu ubao nikanyamaza. Njiani ndipo nikajiuliza kama mimi, mzaliwa wa Mikindani niliyesoma chuoni tangu utotoni, ningeifundisha mada ile vizuri zaidi. (Kwetu pwani wazee wakisema "chuoni" wanamaanisha kwa maalimu wa Kurani. Mwalimu wa bara akimsikia mtoto wa miaka saba anasema anatoka chuoni, anadhani anataniwa.)

Kazi yangu ni uwezeshaji wa mafunzo ya walimu kazini, somo la historia, Lindi na Mtwara. Mafunzo yangu ya kwanza juu ya mada hii yaliharibika, na aliyeyaharibu ni mimi. Nilimwalika sheikh mmoja msomi azungumze nusu saa. Akazungumza saa mbili. Ilikuwa mawaidha mazuri, lakini mawaidha. Wakati wa chai, madamu mmoja alinisogelea na kikombe chake akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, tumekuja kujifunza kufundisha, au tumekuja kusilimishwa?" Sheikh hana lawama. Nilimpa kazi isiyo yake. Kufundisha Uislamu ni kazi ya madrasa na ya somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mwalimu wa historia anafundisha kuhusu Uislamu, na mwanafunzi Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wote wajibu mtihani ule ule bila yeyote kuulizwa anaamini nini. Tunapenda kusema serikali haina dini ila watu wake wanazo, na ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru huo. Mwalimu akiwa na mpaka huo kichwani, hofu yake nyingi inaondoka.

Tangu hapo naanza na vikapu. Vikapu vitatu vya ukindu, kila kimoja na karatasi: UARABU, USLAMU nilivyoukosea tahajia mara ya kwanza na walimu wakacheka (sasa ni UISLAMU), na USWAHILI. Kisha nagawa kadi, kila moja na neno: kanzu, tende, pilau, taarabu, khanga, kahawa, jando, pilipili manga, nambari saba, Ijumaa. Vikundi vipange. Kwa dakika tano za kwanza kila mtu ana uhakika. Halafu zinaanza kelele.

Kanzu inawekwa kwenye Uislamu. Mwalimu aliyewahi kukaa Uganda anaitoa: kule bwana harusi wa Kiganda huvaa kanzu siku ya kwenda ukweni, awe Mkristo awe Mwislamu. Pilau inatupwa Uarabuni, lakini jina lake lina ndugu Uajemi na India. Pilipili manga ndiyo ninayoipenda. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa Omani, ndiyo maana Waarabu wa Omani wakaitwa Wamanga. Lakini pilipili yenyewe asili yake ni India. Babu zetu waliipa jina la aliyeileta, si la ilikoota.

Kadi ya jando ndiyo inayochukua muda mrefu, maana hapa Kusini kila mtu ana la kusema. Walimu wageni huiweka Uislamu kwa sababu ya tohara. Wenyeji wanakataa. Jando lilikuwepo kabla ya msikiti kufika bara. Wayao walipoingia Uislamu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 hawakuliacha jando lao, waliingia nalo. Na kule Masasi, Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa dayosisi ile tangu mwaka 1926, aliona hawezi kulifuta, akatengeneza jando la Kikristo. Jando moja, dini mbili, na Mwarabu hayumo.

Mwisho wa zoezi vikapu vina kadi chache na mezani kuna rundo. Rundo hilo ndilo somo langu.

Kuna mambo ambayo mwalimu lazima ayajue bila kuyumba, nayo nayapitia haraka. Mwarabu ni suala la lugha na utamaduni, Mwislamu ni suala la imani. Nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote si ya Kiarabu, na Waarabu wote kwa pamoja ni takriban mmoja kati ya Waislamu watano duniani. Misri kuna Wakopti, Lebanoni kuna Wamaroni, Wakristo wanaosali kwa Kiarabu na kumwita Mungu "Allah" kanisani. Muajemi si Mwarabu. Na majirani zetu wa Komoro, ambao lugha yao ni binamu wa Kiswahili, wamo katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu mwaka 1993. Hapo walimu hunitazama kama nimewazidishia, lakini sijatunga.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwani si Waarabu wa Sultani ndio waliotuletea Uislamu? Jibu lipo Kilwa, na ni ushahidi ambao mwanafunzi anaweza kuupima mwenyewe. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule wa kasri la Husuni Kubwa. Akaandika kwamba wengi wa wakazi wake ni watu weusi sana, na kwamba madhehebu yao ni ya Shafi, mojawapo ya madhehebu ya Kisuni. Sasa tazama. Masultani wa Omani, waliokuja kuimarisha utawala wao Zanzibar na pwani yetu katika karne ya 19, ni Maibadhi, tawi la Uislamu lisilo la Kisuni. Waislamu wa pwani wa leo, Lindi, Kilwa, Mikindani, ni Masuni wa Kishafi, kama wale wa mwaka 1331. Kama dini ingeletwa na Sultani wa Zanzibar, tungekuwa Maibadhi. Tofauti ni ya karne tano, na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ni mkongwe kuliko ziara ya Ibn Battuta yenyewe. Nyongeza ndogo inayofurahisha darasa: Ibn Battuta, "Mwarabu" wa vitabu vyetu, alizaliwa Tangier, Moroko, na kwa ukoo ni Mberberi, wa wenyeji wa Afrika Kaskazini.

Basi walikuwa Waajemi, Washirazi? Hadithi ya mwana wa mfalme aliyenunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka inapendwa sana, na mimi siwaambii walimu waitupe. Waiweke pembeni ya ushahidi mwingine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, hasa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Upande wa akina mama walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa akina baba walionekana Waajemi, kuanzia karibu mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi ina punje ya kweli, na walioshikilia kwamba mji ule ni wa Waafrika nao wana ya kwao. Nawaonya walimu jambo moja tu: vinasaba si kipimo cha kumpima mtoto aliye mbele yako. Ukianza kutazama rangi za wanafunzi, umeshapotea.

Kwa mwalimu asiye na safari ya Kilwa, na wengi hawana, maana fedha za safari za masomo zinajulikana zilivyo, kuna ushahidi uliomo vinywani mwa watoto. Waambie wahesabu siku kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Jumatano ni siku ya tano. Inayofuata inaitwaje? Alhamisi. Na khamis kwa Kiarabu ni tano pia. Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, sisi tukaanza kesho yake ya Ijumaa. Tuna siku mbili za tano katika wiki moja, na hakuna anayechanganyikiwa.

Miezi ndiyo tamu zaidi. Ramadhani ikiisha, Mwarabu anaingia Shawwal. Mswahili wa zamani anaingia Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, mpaka Mfungo Tisa, ndipo anarudi kwenye Rajabu na Shaabani. Idi ya kuchinja ni mwezi 10 Mfungo Tatu. Maulidi ni mwezi 12 Mfungo Sita. Mwandamo ni wa Kiislamu, hesabu ni yetu, na hata ndani ya hesabu hiyo, moja, mbili na tatu ni za Kibantu huku sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Ukitaka kumwonyesha mtoto jinsi utamaduni unavyopokea kitu na kukifanya chake, huhitaji mfano mwingine. Mwalimu wa hisabati naye ana lake: mwaka wa mwezi una siku 354, wa jua 365, basi sikukuu inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Wapige hesabu Ramadhani itachukua miaka mingapi kuzunguka majira yote. (Karibu 33. Huku kwetu maana yake kuna miaka unafunga katikati ya msimu wa korosho.)

Sasa utumwa. Hapa ndipo mafunzo mengi yanaponyamaza, na ndipo mimi natumia siku nzima.

Mwalimu mmoja wa Lindi alinisimulia kwamba alipotaja "biashara ya utumwa ya Waarabu", darasa zima liligeuka kumtazama binti mmoja wa Kishihiri. Binti akainamisha kichwa, na wiki ile hakurudi. Babu yake alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, Yemeni, enzi za Waingereza, akauza unga na mafuta ya taa. Hakuwahi kuona mnada wa watu. Lakini kwa wenzake jina linaloanza na "Al" lilitosha kumtia hatiani.

Dawa yake si kulainisha historia. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa katika karne ya 19, na wafanyabiashara wa Kiomani na wa Kiswahili walikuwa katikati ya biashara hiyo. Mwalimu akilificha hilo kwa kuogopa kuwaudhi wazazi, amewanyima haki waliofungwa minyororo. Ninachowafundisha ni kuuliza maswali manne badala ya moja. Nani alikamata? Nani alisafirisha? Nani alitoa fedha? Nani alinunua? Kwenye swali la kwanza watatokea machifu wa bara na misafara ya Wayao. Kwenye la tatu watatokea matajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Kwenye la nne kuna mashamba ya karafuu, na kuna Mfaransa Morice, aliyeandikishana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa visiwa vya Wafaransa. Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kulifunga soko la watumwa la huko mwaka 1873, Waingereza wakimbana. Wajerumani waliotutawala hawakuufuta utumwa, na katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922.

Mbele ya majibu hayo ni vigumu darasa kumgeukia mtoto mmoja. Na kuna jambo jingine nalisisitiza: uliza pia yaliwapata nini waliokamatwa. Mwaka 1876 wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walileta Masasi kundi la watumwa waliokombolewa, wakaanza maisha pale. Huenda wajukuu wao nao wamo darasani.

Wapo wanaoniambia nimeifanya mada kuwa ngumu, kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 80 hana nafasi ya vikapu. Nakubali kwa sehemu. Kwa darasa kubwa acha vikapu, chora safu tatu ubaoni, taja kadi moja moja, waache wabishane kwa dakika kumi, kisha ufute safu zote. Siku na miezi hazihitaji zana yoyote. Maswali manne yanaingia kwenye andalio la somo kama yalivyo. Usiyakatishe katikati kwa sababu kengele imelia, na usimwite mwanafunzi yeyote aseme "kwenu mnafanyaje". Si balozi wa mtu.

Kadi ninazotumia ni vipande vya boksi la sabuni vilivyoandikwa kwa kalamu nene. Kwa shule za bara ya Lindi, kama Liwale na Nachingwea, ongeza kadi za pale pale, na kazi ya nyumbani iwe kumwuliza mzee mmoja majina ya miezi. Mtoto mmoja wa Mchinga alirudi na majina yote ya mfungo aliyopewa na bibi yake, na swali juu yake: bibi anataka kujua kwa nini shuleni hawakumfundisha yeye.