Darubini Inawekwa Jicho Moja Tu

"Daktari, niwekee yote mawili tumalize." Ombi hili la kuwekewa darubini ndogo ndani ya macho yote mawili nalisikia kwa wagonjwa wa makula (sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), na hata zaidi kwa watoto wao wanaowasindikiza. Wanaona kwamba kama jicho moja litasaidika, mawili yatasaidika maradufu. Sivyo kabisa!

Darubini hii, yenye urefu wa milimita 4 na kidogo, hukaa mahali pa lenzi ya asili. Hukuza picha mara 2.2 au 2.7 na kuitandaza kwenye retina, ivuke kovu la makula na kufikia sehemu iliyo hai. Lakini picha ikikuzwa, eneo linaloonekana hupungua. Jicho hilo litaona uso wa mjukuu vizuri zaidi, ila halitamwona anayeingia kwa ubavuni. Jicho la pili ndilo linaloona ngazi, kizingiti na gari linalokuja. Ugonjwa huu huharibu katikati na kukuachia pembeni. Nikiweka darubini kote kuwili, hayo machache uliyoachiwa nitakuwa nimekupokonya mimi. Sitafanya hivyo hata nikibembelezwa mwaka mzima.

"Nikitoka chumba cha upasuaji nitaona." Hapana. Ubongo unaanza kupokea picha mbili zisizolingana, moja kubwa na moja ya kawaida, nao hujifunza polepole ipi itumike lini. Ni mazoezi ya miezi. Wangu huanza wakiwa wameketi, wakitazama kitu kimoja kisichosogea; kutembea baadaye. Na kabla ya kupasuliwa, jaribu kwanza darubini ya nje. Ikiwa hiyo haikusaidii, ya ndani usiitegemee.

"Inaponya." Haiponyi. Seli zilizokufa hazifufuki.

"Ni ile chipu ya kwenye habari." Ile ni PRIMA, ya milimita 2 kwa 2, inayowekwa chini ya retina na kufanya kazi pamoja na miwani yenye kamera. Darubini ni lenzi tu, haina betri wala umeme.

"Nilishatolewa mtoto wa jicho, kwa hiyo kwangu itakuwa rahisi." Hapa huwa naumia moyoni. Darubini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 ilihitaji jicho ambalo bado lina lenzi yake ya asili. Mzazi akiwa na makovu ya makula pamoja na mtoto wa jicho, ulizeni habari za darubini kabla lenzi ya jicho la kwanza haijatolewa.