Bomu la Mdomoni na Bomu la Shambani

Gazeti likiandika kwamba mbunge "amelipua bomu", hakuna anayekimbia. Fundi "akilipua" kazi, tunajua ukuta utapasuka bila baruti yoyote. Misemo hiyo haina shida, na kampeni yetu ya kutahadharisha watu kuhusu vilipuzi haikuja kuwanyamazisha watu vijiweni.

Shida ni kwamba bomu lenyewe haliitwi bomu. Guruneti lenye kutu likiibuliwa na jembe huitwa "kichuma", likatiwa kwenye kiroba pamoja na sufuria mbovu, safari ya kwenye mizani ya vyuma chakavu. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mpakani na Burundi na Rwanda, kitu cha namna hiyo kililipuka mikononi mwa watoto walioamini ni chuma cha kuuza. Wapo waliopoteza maisha. Msidhani ni balaa la mpakani tu: jijini Dar es Salaam, maghala ya silaha ya Mbagala yalipolipuka tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, makombora yaliruka hadi kwenye makazi ya watu.

Na jamani, "limeshaoza hilo" si kipimo! Kutu hula ganda na pini. Baruti ya ndani inaweza kubaki na nguvu ileile.

Ukikuta kitu usichokielewa, usikiguse, usikisogeze, usikirushie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, acha alama ukiwa mbali, zuia watoto, kisha mwarifu mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, au piga 112. Utaulizwa jina, mahali na saa ulipokiona. Polisi watazuia eneo na kuita wataalamu wa kutegua. Mtoa taarifa si mtuhumiwa; tumelisema hili mara nyingi mno. Anayekificha nyumbani ndiye mwenye kesi: silaha za kivita bila kibali zinaweza kukufikisha kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo tangu marekebisho ya 2016 adhabu yake ni kifungo cha miaka 20 hadi 30.

Mwisho, wale wa "nina bomu kwenye begi" kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Mkaguzi hana mamlaka ya kuamua kwamba unatania. Utatolewa kwenye foleni, mizigo itafunguliwa mmoja mmoja, utaandika maelezo polisi, na ndege inaweza kuondoka bila wewe.