Kutu inayoshika fosfati ziwani

Maji ninayoyachota chini kabisa ya ziwa, pasipo na oksijeni, mara nyingi huja juu yakiwa maangavu. Acha chupa wazi mezani, nenda kanywe chai. Ukirudi yana rangi ya kutu, na ukipima fosfati, kirutubisho chenye fosforasi kinacholisha mwani, utaikuta imepungua. Haikupotea. Chuma kilichoyeyuka majini kimekutana na hewa kikawa kutu, na kutu imeishika. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilijaza daftari zima namba za uongo kabla sijaambiwa kwamba maji hayo huchujwa hukohuko kwenye boti.

Topeni mambo huenda kinyume. Ukizamisha bomba angavu na kuchomoa tope lililosimama wima, juu utaona utando wa kahawia wa milimita chache, na chini yake weusi. Ule wa kahawia ni chuma kilichoungana na oksijeni, nao hunasa fosfati. Oksijeni ikiisha, bakteria hukitumia chuma hicho badala yake katika kupumua. Chuma huyeyuka, fosfati ikafunguka na kupanda majini. Mtafiti wa maziwa, Mortimer, alilieleza hili mwaka 1941 na 1942, kwa tope na maji ya ziwa la Esthwaite Water, Uingereza.

Wengi huishia hapo, wakaisahau salfa. Kuna bakteria wanaotoa ile gesi inayonuka mayai viza. Gesi hiyo hukikamata chuma na kukifanya cheusi, na kikishafukiwa hivyo hakipatikani tena kushika fosfati. Kwa hiyo mimi siulizi tu tope lina chuma kiasi gani. Nauliza kiko katika hali gani.

Ziwa Viktoria, hata penye kina kirefu kabisa, lina mita 80 hivi tu, lakini kwa miezi kadhaa maji ya chini hukosa oksijeni. Kusi ya Juni hadi Agosti huyakoroga. Fosfati nyingine hunaswa tena na chuma, nyingine hulisha mwani, wakiwemo wale wanaojipatia naitrojeni kutoka hewani.

“Si tuzuie maji taka tu?” huniuliza watu. Lazima tuzuie. Ila ziwa Shagawa, Minnesota, lilianza kusafishiwa maji taka kwa mitambo ya kuondoa fosforasi mwaka 1973, na kiangazi baada ya kiangazi mwani uliendelea, kwa sababu tope lilikuwa likitoa akiba yake ya zamani. Kwenye maziwa madogo humwagwa chumvi ya alumini, maana yenyewe haiachii fosfati oksijeni ikiisha. Kwa ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, sijui nani atanunua hiyo alumini.